Ile X kwenye Mlango wa Bibi

Nilimwandikia bibi yangu kibao cha sikukuu, akakataa kukitundika.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wangu wa pili tangu baba mdogo anichukue nimsaidie kazi ya kuandika mabango pale Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza. Desemba ndiyo ilikuwa msimu wetu. Kuanzia tarehe kumi hivi wenye maduka walitupigia foleni, kila mmoja akitaka kioo chake cha mbele kiandikwe maneno yaleyale: HERI YA X-MAS NA MWAKA MPYA. Wengine waliongeza ua, wengine mshumaa. Tulilipwa kwa herufi, kwa hiyo mwenye duka alikuwa na sababu yake ya kupenda X-MAS. KRISMASI ni herufi nane, X-MAS ni nne na kistari, na kistari baba mdogo alikuwa hakihesabu.

Nilikuwa naipenda sana ile X kuiandika. Herufi nyingine zina tumbo, zina mkia, zinakudai utulie. X ni mipigo miwili tu: mmoja mnene unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia, mwingine mwembamba unaopanda kuukata. Ukikosea pale zinapokutana, mguu mmoja utaonekana umevunjika, kwa hiyo baba mdogo alinifundisha nitie nukta ya chaki katikati kwanza, kisha brashi iipitie ile nukta bila kusimama. Desemba hiyo nadhani niliandika X nyingi kuliko herufi yoyote.

Basi kazi ilipopungua tarehe ishirini na tatu, nikachukua kipande cha ubao kilichobaki, nikakipiga msasa, nikakipaka nyeupe mara mbili, na kilipokauka nikaandika kwa nyekundu ya mafuta: HERI YA X-MAS BIBI. Nikakifunga kwa gazeti, nikapanda daladala ya Kisesa.

Bibi mzaa baba alikuwa akiishi kando ya barabara kuu iendayo Magu na Musoma. Nilimkuta anapaka chokaa ukuta wa mbele, kama alivyofanya kila mwaka kabla ya Noeli. Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba mume wangu," akafuta mikono kwenye khanga, akafungua gazeti. Akakitazama kibao kwa muda mrefu. Alisoma polepole, kwa kusoma alikofundishwa na katekista utotoni, herufi moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye X akasimama. Hakuendelea.

Akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye ukuta aliokuwa anaupaka. Chini ya chokaa mbichi, nyekundu ilikuwa inajitokeza. Miezi kadhaa kabla ya hapo walikuwa wamepita watu wa kupima barabara, wakaweka alama ya X, ya kuvunjwa, kwenye kila nyumba iliyoingia hifadhi ya barabara, na ya kwake ikiwemo. Yeyote aliyewahi kuishi kando ya barabara kubwa nchini mwetu anaijua alama hiyo. Ukiiona ukutani kwako hulali. Bibi alikuwa ameipaka chokaa mara tatu, na mara tatu nyekundu ile ilichuja na kurudi juu. Chokaa haifuniki rangi ya mafuta. Mimi nilijua hilo kwa sababu ya kazi yangu, yeye alikuwa analijifunza kwa kurudia.

"Mjukuu wangu," akasema, "hata Noeli nayo wameiwekea X?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika ile herufi mara mia na zaidi bila kujua ni nini. Kibao kikakaa nyuma ya kabati, kimegeuziwa ukuta.

*

Swali la bibi si la bibi peke yake. Mwanza hii nimelisikia kwa wazee wa kanisa, kwa wanakwaya, kwa vijana wa mikutano ya injili: kwamba X-Mas ni Krismasi iliyotolewa Kristo, kwamba kuna watu waliofuta jina na kuweka alama ya kufutia. Wakristo wa Marekani na Uingereza nao wanalo lalamiko hilohilo. Na silidharau hata kidogo, kwa sababu ukimtazama mtu wa kwetu, X amekutana nayo wapi? Kwenye daftari, mwalimu alipokosoa. Kwenye hesabu, ambako X ni kile usichokijua. Ukutani, nyumba inapongoja kuvunjwa. Katika alfabeti ya Kiswahili haimo kabisa, sisi hatuna Q wala X. Mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza kusoma kwa lugha yake hana neno hata moja la kuiwekea. Mgeni wa namna hiyo akisimama mahali pa jina la Bwana, lazima watu waulize ametumwa na nani.

Jibu nililipata miaka kadhaa baadaye, nikiwa kazini. Waorthodoksi wana jimbo lao hapa Mwanza, na kanisa lao moja lilihitaji mtu wa kurudishia maandishi yaliyofifia. Padre akanionyesha picha takatifu ya Kristo ili niige umbo la herufi zake. Kushoto kwa kichwa kulikuwa na IC, kulia XC, na juu ya kila jozi kistari kilichopinda kidogo kama nyusi. Nikamwuliza kama XC ni namba ya Kirumi, yaani tisini. Hakunishangaa. Akachukua chaki yangu, akaandika sakafuni jina zima kwa Kigiriki: ΧΡΙΣΤΟΣ. "Soma ya kwanza," akasema. Nikasoma, eksi. Akatikisa kichwa. "Hiyo si eksi. Hiyo ni khi."

Nilisimama pale na brashi mkononi, rangi ikinidondokea kwenye kiatu.

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na kwa Kigiriki jina Kristo linaanza na herufi yenye umbo la X. Sauti yake ni ile *kh* ambayo sisi Waswahili tunayo tayari, tuliyoipokea kutoka Kiarabu: kheri, Khamisi, sabalkheri. Mtu anayeandika "Kheri ya Krismasi" kwa mtindo wa zamani ameanza salamu yake kwa sauti ileile ambayo Mgiriki anaanzia jina la Kristo. Sijui kama kuna lugha nyingi zenye bahati hiyo.

Ilikuwaje basi herufi hiyo ikafika kwetu ikiitwa eksi? Wagiriki wa kale hawakuwa na alfabeti moja. Wa mashariki walilitumia umbo la X kwa sauti ya *kh*, wa magharibi wakalitumia kwa sauti ya *ks*. Warumi walipata herufi zao kupitia upande wa magharibi, kwa hiyo kwa Kilatini X ikawa *ks*, na kutoka Kilatini ikaingia Kiingereza, na kutoka Kiingereza ikaja kwenye vioo vya Makoroboi. Kigiriki cha Biblia kikaendelea na ile ya mashariki. Umbo ni moja, sauti ni mbili. Anayesoma X-Mas "eksimasi" amesoma kwa Kirumi kitu kilichoandikwa kwa Kigiriki.

Neno lenyewe Khristos ni tafsiri. Maana yake ni aliyepakwa mafuta, kama wafalme na makuhani wa Israeli walivyopakwa. Kiebrania chake ndicho kilichotupa Masihi, neno ambalo jirani yangu Mwislamu naye analitumia anapomtaja Isa bin Mariamu. Katika Yohana 1:41 mwandishi mwenyewe anasimama kidogo kumweleza msomaji kwamba Masihi maana yake ni Kristo. Huwa nausoma mstari huo kwa furaha, maana hata mwinjili aliona haja ya kufafanua neno kabla ya kuendelea.

*

Padre yule alinieleza pia habari ya kile kistari cha juu. Wakristo wa karne za mwanzo walipokuwa wananakili vitabu vyao kwa mkono, majina machache hawakuyaandika kwa ukamilifu: Mungu, Bwana, Yesu, Kristo. Walichukua herufi ya kwanza na ya mwisho, wakachora mstari juu. Ile C kwenye picha si C, ni umbo la zamani la S ya Kigiriki. Kwa hiyo IC ni mwanzo na mwisho wa Iesous, na XC ni mwanzo na mwisho wa Khristos. Utaratibu huo unaonekana katika maandiko ya Kikristo ya zamani mno yaliyosalia, na umejaa katika Biblia ile ya karne ya 4 iliyotunzwa kwenye monasteri ya Mlima Sinai, ambayo kurasa zake nyingi leo ziko London. Mtu atasema walikuwa wanabana ngozi na wino. Lakini katika vitabu hivyohivyo maneno mengine marefu kuliko Kristo yameandikwa yote, na nafasi imeachwa tele. Wataalamu wengi wanaona ilikuwa ni heshima. Jina lilifupishwa ili jicho linapolifikia lijue limefika mahali patakatifu, lisilipite kama neno la kawaida.

Nilipolielewa hilo nilianza kuona herufi za Kigiriki katika makanisa yetu ambayo nimeyaingia tangu utoto. Ile alama inayoshonwa mgongoni mwa kasula, yale mavazi ya misa ya mapadre, P ndefu iliyokatwa na X, si P na X. Ni khi na ro, herufi mbili za kwanza za Kristo, maana ro ya Kigiriki ina umbo la P. Lactantius, mwandishi aliyeishi wakati huo, anaeleza kwamba Konstantino, kaizari wa Roma, aliamuru alama ya Kristo ichorwe kwenye ngao za askari wake kabla ya vita vya mwaka 312 penye Daraja la Milvio, nje ya Roma. Na ile IHS ya kwenye altare na hostia, ule mkate wa Ekaristi, ni herufi tatu za mwanzo za jina la Yesu kwa Kigiriki. H yake ni e ndefu. Maelezo ya Kilatini ambayo watu huyatoa kwa herufi hizo yalikuja baadaye. Tumekuwa tukipiga goti mbele ya vifupisho miaka yote hii.

Na samaki. Sisi watu wa ziwani hatuna ruhusa ya kumsahau samaki. Neno la Kigiriki la samaki lina herufi tano, na Wakristo wa kale walizisoma kila moja kama mwanzo wa neno: Yesu, Kristo, wa Mungu, Mwana, Mwokozi. Ya pili ni hiyo X. Nimeandika majina kwenye mitumbwi mingi pale Kirumba, na mwenye mtumbwi mmoja wa dagaa alipenda nimchoree samaki puani mwa chombo. Nilipomaliza nikamwambia habari hii. Akaniomba nimwandikie zile herufi tano tumboni mwa samaki, ndogo, mahali ambapo maji yanafika chombo kikijaa. Hakutaka mtu azisome. Alitaka zimpitie ziwani.

Kiingereza chenyewe X hiyo wanayo zamani sana. Neno lao la Christmas ni "misa ya Kristo", na wamonaki wa Uingereza karibu mwaka 1100 walikuwa tayari wanaliandika kwa kuanza na X na P, yaani khi na ro, kisha neno la misa. Hakukuwa na duka la kubania herufi wala simu. Waliokuwa wanafupisha ni watu walioamka usiku kusali. Hapo ndipo X-Mas ilipotokea, na ile *mas* ya mwisho ni misa. Ndugu zetu wa makanisa yasiyotumia neno misa, wanaosema ibada, nao hulitamka kila Desemba ndani ya Krismasi.

*

Sasa, je, tuiandike? Nina msimamo, na nimeupata kwa kuandika, si kwa kubishana.

Kiswahili sanifu ni Krismasi. Ndilo neno la magazeti, la redio, la kalenda. Katika Krismasi, Kristo anasikika: mtu asiyejua herufi hata moja akitamkiwa neno hilo analisikia jina. Ukutani mwa kanisa, kwenye ratiba ya ibada, kwenye kadi ya mwaliko, mimi huandika neno zima, na mteja akiniambia niweke X-MAS humshawishi, hata kwa kumpunguzia bei ya zile herufi nne. Kigiriki kilifupisha kwa watu waliojua urefu wake. Kufupisha kwa mtu asiyejua urefu ni kumnyima.

Wakatoliki wa kanda hii tuna neno jingine la zamani, Noeli. Mapadre Weupe, wale wamisionari Wakatoliki walioanzisha misheni ya Bukumbi mwaka 1883, kusini tu mwa jiji hili kando ya maji, walikuwa na Kifaransa vinywani, na Noeli ni Kifaransa, kutoka neno la Kilatini la kuzaliwa. Bibi alilipenda kwa sababu halina r. Wasukuma wa umri wake r iliwapa tabu. Krismasi kwake ilikuwa Kilisimasi, na ilimchosha ulimi. Noeli ilitoka laini. Na Wasukuma wanajua kuipa sikukuu jina lao wenyewe: sikukuu ya Ekaristi inayoangukia karibu na Juni, pale Bujora huitwa Bulabo, yaani maua, kwa ajili ya maua ya maandamano. Hakuna aliyesema Bulabo imemfuta Kristo.

Kwa upande mwingine, siwezi kukubaliana na anayemkemea kijana aliyetuma X-Mas kwa simu. Ujumbe wa simu ulikuwa na herufi 160, ukizidi unalipia wa pili, na kijana alikuwa na shangazi kumi na mbili wa kuwasalimu. Sisi wenyewe huandika TYK tukimaanisha Tumsifu Yesu Kristo, na tunajibiwa. Tunaandika K.K. na B.K. kwenye vitabu vya historia, Kristo akiwa K tupu, na sijasikia mwalimu akishtakiwa. Jirani zetu Waislamu huandika SAW, kifupi cha dua ya kumsalia, baada ya jina la Mtume, na wako masheikh wanaowaasa waandike dua yote. Sababu yao ninaielewa vizuri kabisa, kwa kuwa ndiyo ninayoitoa mimi kwa ukuta wa kanisa.

Ninachoomba ni viwili vidogo. Cha kwanza, ukiandika X-Mas, soma Krismasi. Ile "eksimasi" ya matangazo ya vipaza sauti sokoni ndiyo inayolifanya jina life, kwa sababu sikio halioni Kigiriki. Cha pili, kile kistari. Waingereza huandika Xmas kwa mfululizo. Sisi tunaikata X na kuiacha imesimama peke yake upande mmoja kama kitu kilichowekwa kufutia. Iunganishe. Ni kazi ndogo kwa brashi, na herufi ikikaa karibu na wenzake inaonekana ni sehemu ya neno.

*

Nilirudi kwa bibi na habari hizi Noeli iliyofuata baada ya kazi ile ya kanisa. Barabara ilikuwa bado haijafika kwake, nyumba ilikuwa bado imesimama. Nyekundu ya ukutani ilikuwa imepauka, ila ukiitafuta unaiona.

Sikumweleza Lactantius wala Konstantino. Nilimwonyesha mkono. Katika picha zile Kristo anabariki kwa mkono wa kuume, na vidole vyake vimekaa kwa namna ya kuandika jina: cha shahada kimenyooka, ndiyo I, cha kati kimepinda kidogo, ndiyo C, dole gumba limekipita kidole cha pete na kukikata, ndiyo X, kidole cha mwisho kimepinda, C ya pili. IC XC. Padre alikuwa amenionyesha, nikajifunza mpaka vidole vikazoea.

Bibi akaweka chini bakuli la mchele aliokuwa anachagua. Akajaribu. Kidole chake cha kati kilikuwa kigumu tangu siku nyingi kwa jembe, hakikukunjika. Akakishika kwa mkono wa kushoto, akakipinda taratibu, akakaa nacho hivyo.

"Kilisto anaanzia wapi hapa?" akauliza.

Nikamgusa pale dole gumba lilipokikata kidole cha pete.

Akapatazama. Kisha akanyanyuka, akaenda nyuma ya kabati, akarudi na kile kibao. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya ubao, ila maandishi yalikuwa mazima. Akakifuta kwa ncha ya khanga, akasoma herufi moja moja, na safari hii akapita.

"Kitundike," akasema. "Lakini ile rangi itoe."

Ndani ya begi nilikuwa na kopo la bluu, lililobaki kwenye mtumbwi wa Kirumba. Nikakaa kizingitini, nikaipiga ile X msasa mpaka nyekundu ikalainika, nikapaka mkono wa kwanza. Bibi akavuta kigoda, akaketi karibu kungoja ikauke ili nipake wa pili.